MS kwenye joto la Mombasa: tunavyoishi nayo nyumbani

Kaskazi ikishaingia, kuanzia mwezi wa 12 hivi mpaka wa 3, nyumbani kwangu ratiba yote yabadilika. Chakula cha mchana kinapikwa alfajiri, kufua ni kabla jua halijapanda, na kuanzia saa tano mpaka alasiri mtu asinitafute kwa kazi yoyote ya kusimama, kwa sababu joto likinikolea mwilini jicho la kushoto linaingia ukungu, mguu wa kulia naanza kuuburura na ulimi unakuwa mzito hata kumuita mtoto ni kazi. Mie nina MS, kirefu chake maltipo sklerosisi, nimekaa nayo miaka kadhaa sasa hapa hapa Mombasa, na nataka kuiandika kwa Kiswahili sababu karibu kila nilichokuwa nikikisoma kuihusu kimeandikwa na mtu anayeishi kwenye baridi, ana lifti nyumbani na maji ya bomba saa ishirini na nne.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Kinga ya mwili, ile inayotakiwa ipigane na vijidudu, inageuka na kushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Neva zina ganda la mafuta linaloitwa mayelini ambalo linafanya ujumbe upite haraka, sasa likishambuliwa ni kama waya wa stima uliochunika plastiki, taa inawaka lakini inapepesa, siku nyengine haiwaki kabisa. Panapopona panabaki kovu. Daktari wa Paris, Jean-Martin Charcot, ndiye aliyeueleza vizuri mwaka 1868, aliyaona makovu hayo kwenye ubongo wa wagonjwa waliofariki akayaunganisha na dalili walizokuwa nazo wakiwa hai. Na kwa vile kovu laweza kutokea popote, wagonjwa wawili hawafanani. Mie ni jicho, mguu na kibofu, mwengine ni mikono kutetemeka, mwengine kizunguzungu, mwengine anatembea vizuri kabisa lakini anasahau maneno katikati ya mazungumzo.

Duniani tuko zaidi ya milioni 2.8, wanawake ni mara mbili au tatu ya wanaume, na wengi inawaanza kati ya miaka 20 na 40, yaani wakati ule mtu ndio anaanza kazi na kulea. Kwetu huku karibu na ikweta ni ya nadra kuliko Ulaya ya kaskazini, na jua na vitamini D vinahusishwa na jambo hilo. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ukaonyesha kwamba mtu akishaambukizwa kirusi cha Epstein-Barr uwezekano wa kupata MS unapanda kama mara 32, lakini kirusi hicho karibu kila mtu mzima anacho na wengi hawaugui kitu, kwa hivyo peke yake hakitoshi, kuna na mambo ya vinasaba na mengine. Haiambukizi. Mtu anaweza kula sahani moja na mie, kulala kitanda kimoja na mie. Na si kwamba nikizaa mtoto lazima aipate, uwezekano wake unapanda kidogo tu.

Turudi kwenye joto, sababu hapa ndipo mtu wa Mombasa anapoteseka zaidi na ndipo watu wanapotishika bure. Neva iliyochunika ikipata joto inapitisha ujumbe kwa taabu zaidi, hata joto la mwili likipanda nusu digrii tu. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika jambo hili mwaka 1890, aliona wagonjwa wake wanapoteza nuru ya macho wakijichosha kisha inarudi wakipumzika. Hio kurudi ndio muhimu. Joto linazidisha dalili za zamani lakini halichimbi kovu jipya, ukipoa unarudi ulipokuwa. Mara ya kwanza kunitokea sokoni Kongowea nilidhani nimepooza, mwenye duka akanivuta kivulini akanimwagia maji kichwani, na baada ya muda nikasimama mwenyewe.

Shambulio la kweli ni kitu chengine. Hilo ni dalili mpya, au ya zamani iliyorudi kwa nguvu, inakaa zaidi ya saa 24 na huna homa wala maambukizi. Sasa hapo kwenye maambukizi shikeni sana, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo tu yanaweza kukulaza kitandani ukaonekana umeshambuliwa kumbe dawa unayohitaji ni antibiotiki, ndio maana daktari mzuri atapima mkojo kwanza kabla hajakutia steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa neva. Na huku kwetu malaria pia, homa ikipanda na miguu inakataa.

Ujanja wetu wa kupoa sio wa gharama. Leso imeloweshwa maji na kukamuliwa inakaa shingoni, chupa za maji zinagandishwa usiku, mchana moja iko mapajani na nyengine nyuma ya mgongo, na stima ikipotea feni ikazima basi natoka nakaa barazani upande wenye upepo. Chini ya buibui navaa dera la pamba jepesi. Maji ya kuoga siyapashi moto hata kusi ikivuma.

Uchovu sasa. Huu nataka niueleze taratibu kwa sababu ndio unaovunja nyumba za watu. Mtu akisikia uchovu anafikiria ule wa kutoka kazini, unalala unaamka umepona. Huu naweza kuamka nao asubuhi nimelala usiku mzima, mkono unataka kuinua kikombe cha chai na mkono wenyewe haunyanyuki, na kwa nje sina alama yoyote, uso wangu uko vile vile, nimepaka wanja wangu. Basi kwenye shughuli, harusi au hitima, wenzangu wako kwenye masufuria ya pilau moshi unawapiga, mie nimekaa. Wifi yangu siku moja akanambia mbele za watu, "Wifi, mbona wewe kila shughuli ni wa kukaa tu kama mgeni?" Iliniuma, sikumjibu. Mume wangu ndiye aliyemueleza baadaye nyumbani kwao, akamuonyesha ile picha ya MRI, ya ndani ya ubongo wangu, yenye madoa meupe, akamwambia kila doa lile ni mahali ambapo ujumbe wa mwili wangu haupiti vizuri.

Shughuli iliyofuata wifi alikuja na ungo wa mchele na sinia la vitunguu thomu akaniwekea mbele, akasema, "Haya wifi, kaa hapa chini ya feni, hii yote ni yako." Wallahi nilifurahi kuliko pole zote nilizowahi kupewa, na nafikiri kama kuna jambo moja nataka familia zenye mgonjwa wa MS zilijue ni hili, msimnyang'anye kazi, mpeni kazi ya kukaa. Akiambiwa "wewe pumzika tu, usiguse kitu" siku baada ya siku, mtu anaoza ndani. Unyonge wa moyo ni jambo la kawaida sana kwenye MS, sehemu ni ugonjwa wenyewe unaogusa ubongo na sehemu ni kuona huna kazi tena kwenye nyumba yako, na una dawa zake na watu wa kuzungumza nao, usiambiwe ni upungufu wa imani.

Mie iligunduliwa baada ya safari ndefu. Ilianza jicho, linauma nikiligeuza na rangi nyekundu naiona imefifia kama nguo iliyopauka, nikapewa dawa ya matone, likapoa lenyewe baada ya wiki kadhaa. Mwaka uliofuata ganzi ikapanda kutoka nyayo mpaka kiunoni. Mamangu akasema, "Mwanangu, hii ni hasadi, umehusudiwa wewe," nikasomewa, nikanywa kombe, na dua za mamangu mpaka leo nazitaka na zinanitia nguvu. Na hospitali pia nilienda. Mmoja alisema ni mawazo, mwengine akasema ni presha, mpaka nikakutana na dakta kijana aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, "Kabla ya miguu, hujawahi kuumwa jicho?" Hapo ndipo mambo yakaungana.

Vipimo vyake ni MRI ya ubongo na uti wa mgongo, kuchukuliwa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, na damu nyingi za kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, HIV, na hasa NMO. Huu NMO unashambulia macho na uti wa mgongo vile vile lakini ni ugonjwa mwengine, una kipimo chake cha damu, na baadhi ya dawa za MS zinauzidisha, kwa hivyo mtu mweusi wa huku akiambiwa ana MS na hajapimwa NMO aulize. Daktari anatafuta ushahidi kwamba mashambulizi yametokea sehemu tofauti na nyakati tofauti, hivyo ndivyo vigezo vya McDonald vinavyotaka, vilitoka mwaka 2001 na vimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Muandikie daktari tarehe za kila kilichokupata, hata kile kilichopona chenyewe.

Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Shambulio likija unatiwa steroidi iitwayo methaili-prednisoloni kwa dripu, gramu moja kwa siku, siku tatu mpaka tano, inaharakisha kupona. Lakini kinacholinda kesho yako ni zile dawa za kuizuia kinga isishambulie tena, za mwanzo zilikuwa sindano za interferoni mwaka 1993 na sasa ziko nyingi, tatizo ni bei. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani kwa mara ya kwanza liliweka dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, tatu, kladribini, glatirama na rituksimabu. Mie niko kwenye rituksimabu, dripu kila miezi sita, kabla ya kuianza walinipima homa ya ini aina ya B na kifua kikuu na hilo msikubali lirukwe. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndio dawa inafanya kazi.

Na kwa kina dada wanaoniuliza kimya kimya, ndio, unaweza kuolewa na kuzaa. Ujauzito wenyewe mara nyingi unapunguza mashambulizi, hasa miezi mitatu ya mwisho, na miezi mitatu ya mwanzo baada ya kujifungua hatari inapanda, basi mipango ifanywe mapema na daktari kwa sababu kuna dawa hazifai mimba, na arubaini yako iwe na watu wa kukushikia mtoto usiku.

Nyumbani tumebadilisha vitu vingi. Mbuzi ya nazi sikai tena, kuinuka pale chini kunanishinda, nazi inakunwa na mashine sokoni. Unga wa mahamri sikandi, naagiza kwa jirani na mbaazi napika mwenyewe nikiwa kwenye stuli ndefu mbele ya jiko. Fundi wa kuchomelea alitutilia vyuma viwili vya kushikia chooni, na juu ya choo cha kuchuchumaa seremala akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kazi ndogo sana lakini kabla yake nilikuwa naogopa kwenda chooni usiku peke yangu. Sakafu ya bafu tukaweka mpira usioteleza. Maji ndio mtihani, tunakaa orofa ya pili na bomba halina maji siku nyingi, tunategemea mkokoteni, na mtungi wa lita 20 mie siwezi kuubeba hata hatua moja, kwa hivyo tumeelewana na kijana wa mkokoteni anaongezewa kitu kidogo apandishe mpaka ndani na amimine kwenye pipa. Ukimtembelea mgonjwa wa MS Mombasa na hujui ubebe nini, beba maji juu.

Mazoezi nafanya. Mtu wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, alinionyesha ya kunyoosha misuli inayokakamaa usiku, nafanya kitandani asubuhi, na kuna baklofeni ya kulegeza ikizidi. Bakora nilikuwa naionea haya, nikaona bora bakora kuliko kuanguka Digo Road watu wakidhani nimelewa.

Kibofu hakisemwi lakini lazima kisemwe. Mkojo unakuja ghafla na ukifika chooni haumaliziki. Zipo dawa, yapo mazoezi ya misuli ya nyonga, na wengine wanafundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba wao wenyewe nyumbani, ni usafi tu na utaratibu. Usipunguze kunywa maji ukaona ndio dawa, utajitafutia maambukizi na yale niliyoyasema pale juu.

Ramadhani ikiangukia joto ni suala la kuzungumzwa mapema. Mie nilimuuliza daktari wangu kwanza alafu nikaenda kwa sheikh na majibu ya daktari mkononi, na aya ziko wazi kwenye Al-Baqara, 184 na 185, mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyengine, na asiyeweza kulipa anatoa fidya ya kulisha maskini. Wapo wenye MS wanaofunga na wako sawa. Mie dakta alinikataza, natoa fidya, na futari naandaa mezani na wenzangu.

Kutembea mjini, tuktuk ni bora kuliko matatu, ngazi ya matatu iko juu na konda hana subira. Feri ya Likoni naivuka mapema kabla umati haujajaa, ule mteremko na watu wanaosukumana nyuma yako si mahali pa mtu mwenye bakora saa kumi na mbili jioni.

Kazini, mie ni karani wa kliaringi na fowadingi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, nilimwambia bosi ukweli na barua ya daktari mkononi. Tukaelewana niingie saa moja nitoke mapema, na meza yangu ikahamishwa karibu na eisi. Sheria ya ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa ajili ya ulemavu na Katiba kifungu cha 54 kinataja haki zetu, lakini ukweli nilianza kwa kuongea tu na mtu akanisikia, sheria ni vizuri uwe unaijua ukiwa umekaa pale. Alafu kuna kujiandikisha na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Unapimwa kwanza ulemavu kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ripoti ikikamilika ndio unasajiliwa unapata kadi. Watu wengi wenye MS wanaona aibu, wanasema mie si mlemavu naumwa tu. Kadi haikupunguzii utu. Ukiwa umeajiriwa unaomba msamaha wa kodi KRA, shilingi 150,000 za mwanzo za mshahara kwa mwezi hazikatwi kodi ya mapato, na kwa mtu anayenunua dawa hio ni tofauti kubwa. Baraza lina mfuko pia wa kusaidia vifaa kama viti vya magurudumu na magongo. Na hapa Pwani tuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanza 1958, wenye zile karakana za Bombolulu, uliza kwao habari za fizio na vifaa.

Kwa anayepandishwa Nairobi kuonana na daktari wa neva, mie naenda kwa treni ya SGR, choo kiko ndani na naweza kuinuka kunyoosha miguu, basi la usiku siliwezi tena. Nachukua kiti karibu na choo. Beba CD ya MRI yenyewe, sio ile karatasi ya ripoti peke yake, kwa sababu daktari anataka kuyaona madoa kwa macho yake na kuyalinganisha na ya zamani, beba na orodha ya dawa zote hata za mitishamba, tarehe za mashambulizi, na mtu mmoja wa nyumbani wa kusikiliza pamoja na wewe. Maswali yaandike kabla hujatoka nyumbani, ukifika mbele ya daktari umechoka na safari nusu yake utayasahau.